Mkalimani wa Kitanda cha Jirani

"Muulize tena," muuguzi alisema. Bomba la sindano lilikuwa limeshajazwa dawa.

Redio aligeuka kitandani akamtazama bibi wa kitanda cha jirani. Wodi nzima ilimwita dada huyu Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia. Akamsemesha bibi harakaharaka, kwa lugha ambayo muuguzi hakuijua hata salamu yake. Bibi akajibu kwa kirefu, macho yamemtoka pima, mkono unapanda na kushuka.

"Anasema hapana," Redio akafasiri.

"Maneno yote hayo ni hapana?"

"Sista, lugha yetu ndefu kama mkia wa kenge. Mtu hasemi hapana mpaka amtaje na shangazi yake."

Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akacheka. Muuguzi hakucheka. Hofu ilikuwa imemkaa kifuani tangu fundi baiskeli mmoja alipochomwa dawa hiyo hiyo katika wodi ya wanaume. Kijana wa watu, anapiga soga na wenzake, na kabla pamba haijakauka mkononi koo lilikuwa limeshaziba. Alitoka wodini amefunikwa shuka mpaka usoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Toka siku hiyo sista mkuu aliweka amri: mgonjwa aulizwe kwanza, kwa mdomo, na jibu lisikiwe kwa masikio.

Haya, na jibu la bibi huyu litasikiwaje? Aliokotwa njiani hoi kwa homa, akaletwa peke yake na gari la wagonjwa, mguu umevimba kwa kidonda, na lugha ya wodini haimwingii hata chembe. Asubuhi ya juzi alipoletwa, muuguzi alikuwa amechoka hoi. Alisimama katikati ya wodi akauliza kwa ukali, "Nani hapa anamwelewa huyu bibi?" Wagonjwa wakatazama dari. Redio peke yake, aliyekuwa amelazwa kwenye godoro sakafuni karibu na choo, ndiye aliyenyoosha mkono. Siku hiyo hiyo akapandishwa kitandani, ubavuni pa bibi, apate kumsemea.

Tangu hapo kazi ikawa nyepesi. Bibi anasema uji umepoa. Bibi anasema shuka lina unyevu. Bibi anauliza muuguzi ameolewa.

Lakini leo haikuwa habari ya uji. Wekundu wa kidonda ulikuwa umeshapita goti, na daktari alisema wazi: dawa isipoingia leo, kesho mguu utakatwa.

"Mwambie naogopa," muuguzi alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie hivyo hivyo. Nataka kujua kama aliwahi kuchomwa dawa ikamdhuru. Kuvimba, kuwashwa, kukosa pumzi. Lolote lile."

Redio akasema. Bibi akamkamata muuguzi kifundo cha mkono kwa vidole vikavu vyenye nguvu. "Nehu," akasema. "Nehu, nehu." Akajigusa koo.

Muuguzi akamgeukia Redio. "Koo lina nini?"

"Kiu," Redio akasema. "Ana kiu."

Muuguzi akamimina maji. Bibi akakitazama kikombe, kisha akakisukuma pembeni.

"Anasema baadaye," Redio akadakia. "Sista, unamtesa bibi wa watu kwa maswali. Haya, kitendawili."

"Si wakati wake, dada."

"Wewe sema tega. Ana mdomo mmoja, hana meno, na watu wazima wanamlilia."

"Sindano," muuguzi akajibu bila kupenda.

"Umeshinda. Basi mchome apone."

Muuguzi aliinama karibu na uso wa bibi. Aliona woga, woga mtupu. Lakini nani asiyeogopa sindano? Hata wanaume wenye ndevu aliwahi kuwashikia mkono.

"Mwambie sitamuumiza."

Redio akasema. Bibi akakiachia kifundo cha mkono, akageuzia uso ukutani.

"Anasema una mkono mwepesi."

Mshipa ulipatikana mara ya kwanza. Muuguzi alisukuma dawa polepole, jicho moja kwenye bomba, jingine kwenye kifua cha bibi. Kifua kilipanda, kikashuka. Kikapanda tena. Bomba lilipobaki tupu akabana pamba mahali pa sindano, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akashusha pumzi yake mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa kwa wageni wa alasiri. Mwanaume mwenye viatu vya vumbi aliingia mbio, akikagua kitanda baada ya kitanda, mpaka akamwona bibi.

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Nimemtafuta kila hospitali. Vipi, sista, yu hai?"

"Yu hai, kaka, tulia. Homa imemlaza tu." Muuguzi hakuiachia ile pamba. "Na mshukuru huyu dada. Ni mtu wa kwenu. Kila tulichotaka kujua kwa mama, yeye ndiye ametufasiria."

Uso wa yule mwanaume ukalegea. Akamgeukia Redio, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia neno kwa lugha ya kwao.

Redio akatabasamu, akamtazama muuguzi. "Anasema asante."

Mwanaume akauachia ule mkono taratibu.

"Sikusema asante," akamwambia muuguzi. "Nimemuuliza kama mama alikumbuka kuwaambia kuhusu sindano ya kidonda iliyowahi kumfunga koo."