Namba za Mkono wa Kushoto

"Kidole cha nne, hicho kidogo, Raya! Nimekuandikia namba yake juu ya noti za muziki, nawe unaikwepa kama dimbwi la maji," alifoka Mwalimu Ghanima.

"Samahani, Mwalimu. Hakifiki."

"Kidole kivivu hakikosi udhuru."

Raya akalipiga gitaa tena. Kidole chake kidogo kikajinyoosha hadi kwenye uzi, na machozi yakamtiririka. Hapo ndipo Mwalimu alipokiona kitambaa chini ya mkono wa sweta, kimefungwa juu ya kifundo cha mkono kilichovimba.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiandikia namba hizi. Nilidhani kujifunza ndivyo kunavyouma."

Mwalimu alikishika kiganja cha mtoto, akakilaza juu ya chake. Vidole vya Raya viliishia kwenye viungo vya juu vya vidole vya Mwalimu. Namba zote zile alikuwa amezipima kwa mkono wake mwenyewe. Wa mtoto hakuwahi hata kuutazama.

Akachukua kifutio.

"Usizifute, Mwalimu! Kesho ni mtihani, nami nimekwisha kuzizoea."

"Hutafanya mtihani kwa mkono huo, mwanangu. Kosa ni langu."

Herufi za vidole vya mkono wa kulia, unaopiga nyuzi, aliziacha; namba za mkono wa kushoto alizifuta hata mapaja yakamjaa vumbi la kifutio. Kisha akaiinua karatasi ya noti kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa na desturi ya kuikandamiza penseli: kila namba ilikuwa ingali pale, imechimbika. Na ng'ambo ya karatasi, juu ya uzi wa gitaa, kidole kidogo cha Raya kilikuwa kimejinyoosha tena.