Mgonjwa Aliyejiita Wepukhulu

Absalom alingoja mpaka uso wake ukavimba sawasawa, ndipo akabisha hodi. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, midomo imekuwa minene kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, na kifua kilipiga miluzi kila alipovuta pumzi. Alitaabika, lakini aliridhika. Kwa sura ile, hata mkewe angempita sokoni bila salamu.

"Karibu, Baba," mwanamke akaitikia kutoka ndani. "Ingia polepole, sakafu ina maji."

Huyo alikuwa Dorca, muuza miti shamba, aliyekaa chumba kimoja nyuma ya soko la Kibuye. Zamani, kabla ya mambo kuharibika, alikuwa mke wa Tom, ndugu yake Absalom.

Jameni, mtu huchoka. Absalom alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Mwaka huo wa tisini na moja, kila wale vijidudu wa ziwani wenye mabawa walipopanda kama moshi na upepo ukawaleta Seme, kijijini kwake, mwili wake uliwaka na koo likabana. Daktari aliuita ugonjwa huo mzio. Alisema mwili unagombana na vumbi lisilo na kosa, halafu unajiumiza wenyewe. Vidonge vilimsaidia kidogo tu, tena vilimlaza mezani mbele ya wanafunzi wa darasa la sita.

"Wengine hupata nafuu kwa miti shamba," daktari akamwambia mwishowe. "Kuna kitu ndani ya majani hayo kinachotuliza uvimbe. Jaribu yule mama wa Kibuye, Dorca."

Absalom alipolisikia jina hilo aliinuka akaondoka. Hakwenda Kibuye miezi mizima. Kisha Jumapili moja koo likambana kanisani, katikati ya wimbo, wakambeba nje kama gunia. Basi, aibu ikashindwa.

Kwani nani aliyemfukuza Dorca? Si ni yeye! Tom alipokufa ghafla huko mjini, desturi ilitaka Absalom amrithi mjane. Dorca akakataa, tena mbele za watu. Absalom akachomwa moyo. Akaingia nyumbani kwa marehemu, akapekua, akatoka na vyungu vya mizizi vilivyofichwa chini ya kitanda. Akawaambia wazee, hii hapa sumu iliyomuua ndugu yangu. Akavivunja palepale uani. Dorca aliondoka jioni hiyo na nguo alizovaa. Je, Absalom aliyaamini maneno yake? Siku ile aliyaamini. Siku zilizofuata hakujiuliza.

Leo basi, akitambuliwa, atafukuzwa koo likiwa limebana hivyo hivyo? Au atapewa kitu cha kummaliza kweli? Alijua anastahili yote mawili.

"Unaitwa nani?" Dorca aliuliza.

"Wepukhulu," akajibu kwa Kiswahili cha darasani, maana Kijaluo chake cha Seme kingemuumbua mara moja.

"Wepukhulu wa wapi?"

"Wa Bondo."

Dorca akamtazama kidogo: jina la Kiluhya, kwao Ujaluoni. "Haya. Bwana Wepukhulu wa Bondo, vua shati."

Hakuuliza lingine. Naye alionekana mtu aliyechoka, wa kufanya kazi bila kupoteza maneno. Alimfunika blanketi juu ya sufuria ya mizizi iliyokuwa ikichemka, akamwambia avute mvuke. Baadaye akamenya jani la mshubiri, akampaka ute wake wa baridi usoni, bila hata kumuuliza panapowasha. Alianzia chini ya jicho la kushoto, akaja kando ya mdomo, akashuka shingoni.

Na dawa ikafanya kazi. Hapo ndipo taabu mpya ilipoanza! Miluzi ya kifuani ikapungua. Jicho likafunguka. Absalom akajipapasa shavu, akaukuta ule mfupa wa ukoo wao umeanza kujitokeza. Ee Mungu, ngoja kwanza, akaomba moyoni. Alikuwa mgonjwa wa ajabu, anayeomba apone polepole.

"Nifungie iliyobaki niende nayo nyumbani, Mama."

"Haiendi nyumbani. Ukiondoka kabla mwili haujatulia, koo litakubana njiani. Keti."

Akaketi, uso ameuelekeza ukutani, Dorca akaendelea kumpaka ute shingoni. Nje wauza mitumba walikuwa wakiitana na kucheka. Alitaka kuomba msamaha, haki ya Mungu alitaka, lakini aliogopa kwamba akitamka neno hilo, mkono ule wa baridi utaondoka shingoni mwake. Akalimeza, akaona haya kwa kulimeza.

Jua lilipoegemea magharibi alivuta pumzi ndefu, ikaingia mpaka chini bila kukwama. Machozi yalimlengalenga. Alivaa shati haraka, akainamisha kichwa, akashika mlango.

"Asante sana, Mama. Nimepona."

"Umepona," Dorca akakubali. Alikuwa ameinama akisugua sufuria, wala hakugeuka. Safari hii alisema kwa Kijaluo. "Ulipoingia umevimba hivyo, shemeji, nilidhani ni Tom amerudi. Ni uso huo huo niliokuwa nikiutibu kwa dawa ya vile vyungu ulivyovunja."