Kitanda Juu ya Makao Makuu

Kilele cha makao makuu kilichomoka kwa mlio mdogo, kama kizibo cha chupa, na msanifu akakisukuma ndani ya mkoba wake wa chakula, chini ya ndizi.

Makao makuu yenyewe yalikuwa bado hayajajengwa. Yalisimama mezani, mfano wa mbao laini na karatasi ngumu wenye kimo cha mtoto wa chekechea, yakingoja kuonyeshwa kwa wakubwa wa kampuni ya bima. Chini, matao ya kifalme. Katikati, nguzo nono za rangi ya waridi ambazo hazikubeba chochote; zilisimama tu, kama wageni waalikwa. Madirisha mengine ya duara, mengine ya pembetatu. Na juu kabisa, mpaka dakika ile, mwavuli wa shaba uliofunguka nusu.

Lilikuwa jengo zuri. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza. Kosa la pili ni kwamba lilichorwa na shemeji yake.

Shemeji, mdogo wa mkewe, aliingia ofisini hajui hata kushika rula, na msanifu ndiye aliyemfundisha. Sasa mzee mwenye ofisi alikuwa anastaafu, na alishatamka mbele ya wote: watu wa bima wakiukubali mnara, kiti chake atakikalia Shemeji. Wakiukataa, atakikalia aliyetangulia kazini.

Aliyetangulia kazini hakuwa amelala vizuri mwezi mzima. Na asubuhi hiyo mkewe alikuwa amemmaliza kabisa, msanifu alipomkuta akipiga pasi shati la mdogo wake.

"Na langu?"

"Wewe leo si unakaa nyuma tu, mume wangu? Nani atakuona?"

Basi msanifu, katika shati lenye makunyanzi, akatoa mfukoni kitu alichokiazima kwa binti yake bila kumwomba: ubao wa kichwani wa kitanda cha mwanasesere. Plastiki ya waridi, mapindo mawili kama masikio, na moyo mkubwa katikati. Akaupaka gundi, akaubandika pale ulipokuwa mwavuli, akarudi nyuma kuutazama. Ngome ya bima ilikuwa imevaa kitanda.

Hofu yake ilikuwa moja tu. Kwa majengo ya mtindo huu, huenda asitokee mtu wa kujua kwamba ni mzaha.

Mlango ukafunguka. Msanifu akaruka mbele ya mnara, mikono kiunoni, kama kipa.

"Shemeji! Umewahi leo," alisema Shemeji, shati lake likimeremeta. "Unafanya nini?"

"Naufuta vumbi."

"Ubarikiwe. Wageni wako chini, nakwenda kuwapokea."

Akatazama juu kidogo ya kichwa cha msanifu, akatabasamu, akaondoka. Msanifu akajipapasa upara. Hata upara wake sasa ulikuwa wa kuchekwa!

Wageni walikawia kupanda. Hatimaye wakaingia, wakiongozwa na Mwenyekiti wa bima, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Aliivaa. Akauzunguka mnara polepole, mara moja, kisha tena. Mwenzake mmoja alichunguza viatu vyake kwa bidii isiyo ya kawaida. Nyuma kabisa, msanifu aliuandaa uso wake kwa huzuni.

"Huu moyo," alisema Mwenyekiti.

Ndiyo, mama, sema.

"Huu moyo ni ushujaa! Mji umejaa maboksi ya viatu yaliyosimamishwa wima, leo mtu amethubutu kuipa bima moyo. Tena kinanipa usingizi, hiki kilele. Mteja wetu akikiona tu, atalala salama. Kijana, umekitoa wapi?"

Shemeji aliinamisha kichwa. "Kilinijia tu, mama. Nikiwa naoga."

Wakapiga makofi. Kilimjia! Akiwa anaoga!

"Basi nisikilizeni wote," alisema Mwenyekiti. "Aliyebuni kilele hiki ndiye nitakayempa kazi yote, kuanzia msingi mpaka juu. Sitaki mwingine."

Mbele ya macho ya msanifu vilipita kiti cha mzee, mlango wenye jina la Shemeji, na pasi ya mkewe ikiteleza juu ya mashati ya mtu mwingine mpaka uzeeni. Kushindwa na mwavuli wa Shemeji angeweza kuvumilia, kwa taabu. Kushindwa na kitanda alichokiiba mwenyewe? Hapana.

"Ni changu!"

Vichwa vyote vikageuka.

"Hicho kilele ni changu! Nimekitoa kwenye kitanda cha mwanasesere wa binti yangu, nikakibandika kwa mikono yangu hii asubuhi hii! Kiguse, mama, gundi haijakauka! Huyu hajui lolote, anakudanganya mchana kweupe!"

Mwenyekiti alikigusa. Akanusa kidole chake. Kisha akavua miwani, akamgeukia Shemeji.

"Ni vilevile ulivyotuambia kule chini, kijana. Tungeuliza nani ameuharibu mnara, angekana mpaka kesho. Ulisema tukikusifu wewe tu, atajitaja mwenyewe."