Mdhamini wa Mzamil

Kwa mara ya tatu juma hilo, Bushra Abdulmalik aliirudisha karatasi ileile bila sahihi yake.

Kanali Faisal, mkuu wa gereza la Mwambani, nje kidogo ya Kismayu, aliisukuma tena upande wake wa meza. Bushra alikuwa wakili wa serikali. Kazi yake ilikuwa kulitetea gereza mahakamani, na kesho yake hakimu angetaka kuelezwa kwa nini Mzamil Bakri bado yuko ndani. Karatasi ilikuwa na jibu tayari: mfungwa anazuiliwa kwa usalama wake mwenyewe.

"Si kweli," Bushra alisema. "Kifungo chake kiliisha tarehe tisa mwezi wa tatu. Leo ni siku ya mia na arubaini."

Hakuwa amefungua faili. Kanali aliliona hilo, akatabasamu.

Mzamil alikuwa mvuvi wa Kibajuni wa kisiwa cha Chovae. Katika ugomvi wa nyavu alimpiga mvuvi mwenzake kasia la kichwa, mwenzake akafa, naye akahukumiwa miaka saba. Miaka ilikwisha. Lakini pale Mwambani mfungwa hatoki mpaka mzee wa ukoo wake aje kumdhamini. Sheria haikusema hivyo. Ilikuwa desturi tu. Kwa wenye koo kubwa haikuwa tabu: wazee walifika na magari mawili, wakanywa chai, wakaondoka na mtu wao. Mzamil hakuwa na wa kumjia. Jamaa zake walitawanyika tangu vita vya tisini na moja, hawa Mombasa, wale makambini. Na hata Mbajuni akipata mzee, mzee huyo hahesabiwi na kanali kuwa mzee.

Kanali alimwambia Bushra kwa upole kwamba anamwelewa. Nyinyi wa visiwani wote ndugu, alisema. Huyu kwako ni nani, mtoto wa mjomba? Bushra alimjibu kwamba aliyehukumiwa saba ametumikia saba, na hizi siku za juu yake hakuna hakimu aliyezitoa.

"Hebu niambie. Wewe ni wakili wa serikali au wa visiwa?"

"Wa serikali. Ndiyo maana nataka ifuate sheria iliyoiandika yenyewe."

Nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Bi Barke, mavyaa wake aliyemzaa mumewe, hakuitikia salamu. Alimwekea wali na samaki wa kupaka, lakini hakukaa naye kula.

"Mchu huyo si wa kutolewa nawe," alisema mwishowe kwa lafudhi ya visiwani. "Waachie wengine."

"Wengine hawapo, mama."

"Basi na akae."

Bushra alimwambia kwamba leo ni Mzamil, kesho atakuwa mwingine wa kwao. Mtu asiye na mzee wa kumtoa hapewi kifungo, anapewa kaburi lenye mlango. Bi Barke aliinuka akaenda kutia udhu, na maneno yakaishia hapo.

Asubuhi hakimu, mgeni aliyehamishiwa pale mwaka huo, aliuliza jibu la serikali. Bushra alisimama akasema serikali haina jibu. Imemshika mtu siku mia na arubaini na moja bila hukumu, na kila siku inayoongezeka ni kosa la serikali, si la mfungwa. Karani aliacha kuandika. Kwenye benchi la nyuma kanali alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Mzamil aliletwa, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Alipoona ni nani anayesema kwa ajili yake, aliinamisha kichwa na hakukiinua tena.

Hakimu aliamuru atolewe. Hapo kanali alisimama, akasema gereza halipingi hata kidogo, ila mtu huyu hana mdhamini, na akienda kufanya fujo ataulizwa nani? Hakimu alijipangusa uso. Hakutaka kuanza kazi yake kwa kugombana na wazee wa mji. Akasema basi, mtu mzima yeyote mwenye jina jema aweke sahihi sasa hivi. Asipopatikana, shauri litarudi baada ya miezi mitatu. Akatazama chumbani. Wanaume wakatazama viatu vyao.

"Mimi," Bushra alisema.

Kanali aliuliza kama mwanamke anafaa. Hakimu, ambaye sasa alikuwa amechoka naye, alimjibu kwamba alisema mtu mzima.

Karani alipoleta fomu, kanali alisogea karibu na sauti yake ikashuka.

"Ukiandika jina lako hapo, kesho usije ofisini."

"Nitakuja. Kama hunitaki niandikie barua, na utie sababu."

Bushra aliandika jina lake, akaandika la baba yake, kisha la babu yake. Akaandika kazi na mtaa. Kanali hakuondoka begani pake. Mstari uliobaki ulitaka mdhamini aeleze ana uhusiano gani na mfungwa, na kanali akawakonyeza askari wake wawili waje washuhudie. Sasa mtaona, aliwaambia kwa sauti ya kusikika, kumbe ni binamu yake.

Bushra hakugeuka. Aliandika kwa herufi kubwa ambazo hata wao wangeweza kuzisoma: "Mjane wa mvuvi aliyeuawa na mfungwa huyu."