Mikono Minne

Watu wakiulizwa siku mambo yalipoharibika, wanataja siku ya mafuriko. Kornel anakataa. Yeye anataja Jumatatu, tarehe nane Januari, saa nne asubuhi, kamati ya mfereji ilipoketi kwenye ukumbi wa kijiji, huko juu Kibosho, kuchagua mlinzi wa banio.

Banio ni pale mtoni, maji yanapoingia mfereji wa kushukia vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Pana lango la chuma. Mvua ikinyesha kule msituni, lango lishushwe haraka, la sivyo mto mzima unashuka na mfereji na kuingia majumbani mwa watu. Kazi ya mlinzi ni hiyo tu.

Walioomba walikuwa wawili. Mmoja Doris, mjane, ambaye marehemu mumewe ndiye alikuwa mlinzi. Mume alipougua, Doris alivaa koti lake la mvua akawa anapanda kushusha lango mwenyewe, miaka minne, bila kulipwa. Wa pili, Kornel hamtaji jina hata leo.

Kornel alikuwepo ukumbini. Aliyasikia yote. Mwenyekiti Wenseslaus, mwalimu mstaafu, aliwauliza wote wawili swali moja: huku chini jua linawaka, lakini unasikia ngurumo msituni, utafanya nini? Doris alijibu kwamba atafunga kwanza, atauliza baadaye. Yule mwingine akasema atampigia mwenyekiti simu, aelekezwe. Wajumbe wakatazamana wakaridhika. Wakasema huyu ana adabu.

Ndipo Jacob, mjumbe mpenda utani, akakumbusha kwamba wazee walikataza mwanamke kukanyaga banio. Maji yatakauka.

"Na hayo unayokunywa kila siku, shemeji," Doris akamwuliza, "anayateka nani?"

Walicheka, hata Jacob mwenyewe. Kisha wakanyoosha mikono. Mitatu kwa Doris. Minne kwa yule mwingine.

Jumatano, tarehe ishirini na nne Aprili, saa tisa alasiri, jua lilikuwa linawaka. Doris alikuwa akikata majani ya ng'ombe aliposikia ngurumo. Alitupa mundu akapanda mbio. Alikuta lango liko juu, wazi, limefungwa hapo hapo kwa mnyororo na kufuli. Kamati ndiyo iliyoagiza hivyo, ili mtu asilishushe na kumkatia mwenzake zamu ya maji. Ufunguo ulikuwa kwa mlinzi, na mlinzi hakuwepo. Doris aligonga kufuli kwa jiwe mpaka vidole vikachanika. Maji yalifika kiunoni, akashika mzizi, yakampita.

Mektrida, mkewe Kornel, alikuwa jikoni akimenya ndizi. Walimpata kesho yake, chini kabisa, kwenye mibuni ya watu, kandambili moja bado iko mguuni. Kornel simu ilimkuta mbali na nyumbani. Alipofika hapakuwa na jiko, wala migomba ya nyuma ya jiko.

Yaliyofuata ndiyo yanayomchoma. Alikuja afisa kutoka mjini, akaandika "mvua", akaondoka. Padre alisema ni mapenzi ya Mungu. Kamati ilileta mchele wa msiba, gunia zima, na Wenseslaus akalitolea hotuba. Mlinzi hakukamatwa. Hakusimamishwa mbele ya mtu yeyote aulizwe. Watu wakikutana naye njiani walimsalimia taratibu, kama mgonjwa.

Mwaka ulipita, banio likiwa halina mtu. Masika yalipokaribia kamati ikaketi tena, wale wale saba, kuchagua mlinzi mpya. Doris aliomba tena. Mwenzake safari hii alikuwa Fredy, mpwa wa Jacob, aliyeshindwa kuuza simu kule Moshi na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kufika banioni ila mara moja, kuoga. Ilisemwa ni kijana msikivu. Doris hakuulizwa swali lolote.

Kabla mikono haijanyooshwa, Kornel alisimama.

Wenseslaus alimwambia kwa upole, "Mzee Kornel, kaa. Lile tulishalizungumza."

"Mlilizungumza ninyi. Mimi nataka kila aliyenyoosha mkono Januari ile aseme kwa nini, kabla hajaunyoosha tena."

"Tulichagua kwa nia njema, mzee."

"Nia njema. Mlijua ni mlevi. Mlijua goti lake bovu halimfikishi banioni njia ikiwa na tope. Maji yalipomshukia Mektrida, yeye alikuwa kilabuni, kata ya mbege mkononi, ufunguo mfukoni. Hakuna asiyejua hapa."

Jacob aliinamisha kichwa. Hakuwa na utani siku hiyo. "Mangi," alimwambia Kornel, "usijitese."

"Mimi shule sina. Ninyi ndio wenye shule, ndiyo maana mkapewa viti. Mtu anayeomba kazi anaomba kwa njaa yake, atasema lolote mnalotaka kusikia. Wa kumpima ni nani?"

Mtu wa nyuma alikohoa. Fredy alitazama mlangoni. Doris aliondoka kwenye benchi lake, akaja akamshika Kornel kiwiko, akamwomba wakae, inatosha. Kornel aliutoa mkono wake taratibu. Aliwatazama wale wanne, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Wenseslaus.

"Nilisimama hapa hapa, mwalimu, saa nne asubuhi, mdomo unanuka mbege," alisema. "Kwa nini mlinipa mimi?"