Kandambili za Zimwi

Bi Mwantumu aliitazama kwa siri, maana wanawe waliionea aibu, ile filamu ya zimwi lililoshonwa kwa magodoro, lenye zipu mgongoni na kandambili miguuni. Ndani yake alikuwamo marehemu mumewe. Kila liliponguruma, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jioni moja bintiye Saumu akaihamishia kwenye ukuta wa sebule, ambao, kama kuta zote za siku hizi, hurekebisha kila unachoonyesha. Zimwi likaibuka majini taratibu, limejaa magamba, ukungu wa pumzi zake ukitanda juu ya makochi.

“Mama, sasa linatisha kweli!”

Bi Mwantumu akasogea, akatazama miguuni. Kucha tupu.

“Na yule mtu aliyekuwa ndani?”

Ukuta ukamjibu kwa upole, “Ndani hamna mtu, Bibi. Hajawahi kuwamo.”