Hasira ya Asubuhi

Kila asubuhi kabla ya chai, Mwanakheri alishika bangili ya mumewe, Shaweji, kuijaza hasira yake, kama walivyofanya wote waliobaki nyumbani, ili makomredi wanaoandamana wasiingiwe na hofu. Leo Shaweji aliuvuta mkono wake.

“Hasira yako mpe mwingine, Mama Tunu. Jana nilipoona virungu nilitimua mbio wa kwanza. Sasa wenzangu wananiita kunguru.”

Mwanakheri alijikuta akimpapasa mtoto aliyelala mgongoni. Tangu mtoto huyo azaliwe, kila asubuhi Mwanakheri alikaza meno akawaza nyumba zilizobomolewa, na hasira haikuja. Alikuwa akimvisha mumewe bangili tupu na kumtakia heri.

“Hukuwa mwoga,” alisema, macho chini. “Bangili ilikuwa tupu. Sina hasira tena, Baba Tunu. Nina furaha, na nataka ubaki nasi.”